Kiwanda Kinachojipima na Watu Wake

Kiwanda janja ni kiwanda ambacho mashine zake zinajipima zenyewe zikiwa kazini.

Kujipima huko hufanyikaje? Mashine hufungwa vihisi, vifaa vidogo vinavyosoma joto, mtikisiko, uzito, kasi au mkondo wa umeme. Vipimo hivyo hupelekwa kwa nyaya au bila nyaya hadi kwenye kompyuta. Programu huvilinganisha na vipimo vya jana, vya mwezi uliopita na vya mwaka juzi. Halafu marekebisho hufanywa: pengine programu hupunguza kasi ya mkanda yenyewe, pengine fundi hupata ujumbe kwenye simu yake kwamba pampu fulani ikaguliwe kabla ya Ijumaa. Kupima, kupeleka, kulinganisha, kurekebisha. Yote mengine yanayosikika, kuanzia akili unde hadi pacha wa kidijitali, ambaye ni mfano wa mashine ndani ya kompyuta wa kufanyia majaribio, yamejengwa juu ya hatua hizo nne.

Roboti si sharti. Kiwanda kinaweza kuwa na roboti mia zinazorudia mwendo ule ule kutwa kucha bila kupima chochote. Na mashine ya kusaga nafaka yenye umri wa miaka thelathini, ikifungwa vihisi vitatu kwenye mota na beringi zake, tayari imeanza safari hiyo.

Je, mfanyakazi yuko wapi katika hatua hizo nne? Jibu linaloonekana kwa haraka ni kwamba hayupo, na hofu ya wengi inatoka hapo. Lakini historia ya mashine hizi, na namna zinavyofanya kazi hadi leo, inaonyesha kwamba ujuzi wa mtu ndio uliowekwa ndani yake, na kwamba kiwanda kikiupoteza ujuzi huo, mashine nazo hubaki pale pale zilipo.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1924, huko Japani, Sakichi Toyoda alikamilisha mashine ya kufuma nguo iliyojulikana kama Aina ya G. Katika ufumaji zipo nyuzi za mtande, zinazotandazwa kwa urefu, na uzi wa mshindio, unaopita katikati yake kwa upana. Uzi mmoja wa mtande ukikatika na mashine ikaendelea, kitambaa chote kinachofuata hutoka na mstari wenye kasoro. Kwa hiyo zamani kila mashine ilihitaji macho ya mtu. Katika mashine ya Toyoda, uzi wa mtande ukikatika, mashine ilisimama yenyewe. Siri yake ilikuwa vipande vyembamba vya chuma vilivyobebwa na nyuzi: uzi ukikatika, kipande kinaanguka, na kuanguka huko kunaizima mashine. Hakuna kompyuta wala umeme wa kihisi hapo. Ni kipande cha chuma na uzani wake.

Matokeo yake kwa wafumaji yanafaa kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyekuwa akikodolea macho mashine moja au mbili sasa aliweza kuhudumia makumi, kwa kuwa alihitajika pale tu ilipotokea shida. Kazi ya kukodoa macho iliondoka, kazi ya kutengua shida ikabaki, na wafumaji waliohitajika kwa kila mashine wakapungua. Mambo hayo matatu yalikuja kwa pamoja, na mara nyingi yamekuja pamoja tangu hapo. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyokuwa mwalimu wa dunia katika ufumaji, ilinunua haki ya uvumbuzi huo. Mwanawe Sakichi, Kiichiro, akageukia magari, na Kampuni ya Magari ya Toyota ikaanzishwa mwaka 1937. Baadaye kanuni ile ile ikaingizwa humo: mashine iwe na uwezo wa kusimama inapokosea, na mfanyakazi naye awe na haki ya kuisimamisha laini nzima ya uzalishaji anapoona kasoro.

Haki hiyo isipitwe haraka. Katika laini za Toyota ilining'inizwa kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi. Anayeona boliti haijakaza au mlango haujakaa sawa anaivuta. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anafika mbio, na shida isipotatuliwa kwa muda uliowekwa laini inasimama. Viwanda vingi vya dunia wakati huo vilimpa mamlaka ya kusimamisha laini meneja peke yake. Hapa alipewa mtu aliye karibu zaidi na kasoro.

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1961 mkono wa kwanza wa roboti ya viwandani, Unimate, uliingia kazini katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey. Aliyeubuni ni George Devol, na aliyeuhangaikia hadi ukapata soko ni Joseph Engelberger. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kusubu, kazi iliyokuwa ikiwaunguza watu na kuwavutisha moshi. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, Dick Morley na wenzake huko Massachusetts walitengeneza kisanduku cha kudhibiti mashine ambacho mafundi wa umeme wa viwandani wanakiita PLC hadi leo. Kabla ya PLC, kubadili mpangilio wa kazi ya mashine kulimaanisha kufungua kabati lililojaa rilei, yaani swichi za umeme, na kuunga upya nyaya moja moja. Baada yake, ilitosha kubadilisha programu. Fundi aliyezoea bisibisi na koleo akalazimika kujifunza kusoma michoro kwenye skrini. Waliojifunza walikuwa miongoni mwa watu waliotafutwa sana viwandani, na wako hivyo hata sasa, Dar es Salaam kama Nairobi. Mwaka 2011, kwenye maonyesho ya viwanda ya Hannover, Wajerumani wakayakusanya haya yote, pamoja na intaneti, chini ya jina la mapinduzi ya nne ya viwanda.

Sasa mazungumzo yaingie ndani ya mashine moja. Beringi ni kile kiduara chenye gololi ambacho shafti ya mota huzungukia. Karibu kila mashine inayozunguka inazo, na zikifa mashine inasimama. Fundi mkongwe ana njia yake: hugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha la mota, akaweka mpini sikioni, na kusikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Beringi nzima huvuma kwa sauti moja laini. Iliyoanza kuchubuka hukwaruza, na karibu na mwisho wake hugonga.

Kihisi cha mtikisiko hufanya kazi hiyo hiyo, tena hugundua mapema zaidi, wiki kadhaa kabla sikio halijasikia kitu na kabla kasha halijapata joto. Hakichoki, hakisinzii saa tisa usiku, hakipokei simu. Hapo mashine inamshinda mtu, na ni vizuri kulikubali jambo hilo waziwazi.

Lakini kihisi kinaona nini hasa? Kinaona kwamba mtikisiko umepanda. Hakijui kwamba wiki iliyopita grisi iliyowekwa haikuwa ya aina yake, au kwamba maji ya kuoshea sakafu yanapenya pale kila Jumamosi, au kwamba shafti ilifungwa ikiwa imepinda kidogo kwa sababu spea ililazimishwa kuingia. Fundi anayajua hayo. Na hata programu ya akili unde inayotabiri kufa kwa beringi haikuzaliwa na utabiri huo. Ilifundishwa kwa mifano, na kila mfano ulihitaji mtu aliyefungua mashine, akaangalia, akaandika: siku hii, mashine hii, beringi ya upande wa feni, imechubuka njia ya ndani, chanzo ni grisi. Kiwanda ambacho mafundi wake wamekuwa wakitengeneza mashine kwa miaka ishirini bila kuandika kitu kwenye daftari la matengenezo hakina cha kuifundishia programu. Kinaweza kununua vihisi vya bei yoyote. Vitakipa mistari ya kupanda na kushuka kwenye skrini na hakuna atakayejua maana yake.

Lirudiwe, kwa kuwa ndilo jambo kubwa la mazungumzo haya: programu hujifunza kutoka kwa anayeijua kazi. Fundi huyo akiondolewa kabla ujuzi wake haujaandikwa, kinachobaki ni vipimo visivyo na maelezo.

Kiwanda kinachotajwa sana katika habari hizi ni cha Siemens huko Amberg, katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Kilianza mwaka 1989. Hutengeneza vidhibiti vinavyoendesha mashine za viwanda vingine, na vidhibiti hivyo hivyo ndivyo vinavyoendesha laini zake. Kila bao la saketi linalopita hubeba alama yake, mashine huisoma na kujua limetoka wapi na lifanyiwe nini. Tangu kuanza kwake uzalishaji umeongezeka mara nyingi sana, ilhali idadi ya wafanyakazi, elfu moja na ushei, haikubadilika sana. Sehemu kubwa ya kazi ya kuunganisha hufanywa na mashine. Watu wanashughulika na matengenezo, ubora, upangaji na uboreshaji. Mapendekezo yanayotoka kwa wafanyakazi wenyewe yanahesabiwa kuwa chanzo kikubwa cha ongezeko la tija, na anayependekeza hulipwa.

Je, Amberg ni ushahidi kwamba hakuna anayepoteza kazi? La. Kiwanda kinachozalisha mara nyingi zaidi kwa watu wale wale kimezalisha kazi chache kuliko ambavyo kingezalisha kwa njia ya zamani, na kiwanda chenzake kilichoshindwa kushindana nacho huenda kimefungwa bila kutajwa na mtu. Tena si kazi zote zinazoguswa sawasawa. Kazi zinazoondoka kwanza ni za kurudia rudia katika sehemu isiyobadilika: kuhesabu maboksi, kupanga chupa, kuangalia lebo kama imekaa sawa, kuandika namba za mita kila saa. Katika viwanda vingi vya Afrika Mashariki kazi hizo ni za vibarua, watu wasio na mkataba wa kudumu, na kibarua haachishwi kazi. Haitwi tu kesho yake getini. Kwa hiyo upotevu wa kazi wa namna hii hauonekani hata kwenye vitabu. Wasikilizaji wa Kenya wanakumbuka Mei 2023 huko Kericho, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto katika vurugu zilizotokana na malalamiko ya kupotea kwa ajira. Tukio hilo lilikuwa shambani, lakini linasema wazi kinachotokea pale mashine zinapoingia na watu wanaopoteza riziki hawana mahali pa kusemea.

Zipo pia kazi ambazo mashine bado inahangaika nazo, na kushona ni mfano mzuri. Bamba la chuma ukilishika kona moja, kona ya pili unajua iko wapi. Kitambaa hakina tabia hiyo: hukunjamana, huvutika, huteleza, na cha pamba hakifanani na cha hariri. Washonaji katika viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, ambao wengi wao ni wanawake, hulisawazisha pindo kwa ncha za vidole huku sindano inakwenda kasi, wakihisi kitambaa kinapoanza kuvutika kabla jicho halijaona. Kukata vitambaa kwa kompyuta kumekuwapo muda mrefu. Kuunga shati zima bila vidole vya mtu ni jambo jingine kabisa.

Adidas walilijaribu hilo kwa viatu. Walifungua kiwanda kilichojaa roboti huko Ansbach, Ujerumani, na kingine Atlanta, Marekani, wakitarajia kurudisha utengenezaji karibu na wanunuzi. Novemba 2019 walitangaza kuvifunga vyote viwili, na sehemu ya teknolojia yake ikapelekwa kwa watengenezaji wao wa Asia, mahali ambapo ujuzi wa kutengeneza viatu kwa wingi ulikuwa tayari umekaa.

Kampuni ya magari ya Tesla nayo ilipambana na jambo la karibu na hilo. Wakati wa kuharakisha utengenezaji wa gari la Model 3, roboti moja ilipewa kazi ya kuokota vipande vya manyoya ya kioo na kuvilaza juu ya betri. Mikono ya roboti haikuweza kushika manyoya hayo vizuri, na laini ikawa inakwama. Baadaye vipande hivyo vilipopimwa ilionekana havina faida yoyote ndani ya gari, vikaondolewa. Fedha na muda vilikuwa vimetumika kuifundisha mashine kazi isiyohitajika. Aprili 2018 mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, alikiri hadharani kwamba kuweka mashine kupita kiasi kulikuwa kosa, na kwamba thamani ya binadamu ilikuwa imedharauliwa.

Vipi siku mtandao unapozimika? Tarehe 19 Machi 2019 kampuni ya alumini ya Norsk Hydro, ya Norway, ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni waliofunga kompyuta zake na kudai fedha. Kampuni ilikataa kulipa. Katika viwanda vyake vingi kazi ilirudishwa kwenye karatasi na mikono. Waliookoa siku hizo ni wafanyakazi wa muda mrefu waliokumbuka namna mitambo ilivyoendeshwa kabla ya skrini, na hata wastaafu walirudi kusaidia. Kiwanda ambacho kingekuwa kimewaondoa watu hao wote kingefanya nini asubuhi ile? Hilo ni swali ambalo kila mwenye kiwanda anapaswa kulijibu kabla hajatia sahihi oda ya mitambo mipya.

Suala la usalama nalo lina historia yake. Tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, mfanyakazi mmoja alipanda kwenye rafu ya kuhifadhia vipuri, akapigwa na mkono wa roboti na kufa papo hapo. Mashine haikuwa na namna ya kujua kwamba kuna mtu mbele yake. Tangu hapo roboti kubwa zimewekwa ndani ya uzio, na mlango wa uzio ukifunguliwa mashine inazima. Roboti nyepesi za kufanya kazi bega kwa bega na watu, kama zile za Universal Robots, kampuni iliyoanzishwa Odense, Denmark, mwaka 2005, husimama zinapogusa kizuizi. Hata hizo haziondoi hatari yote. Mkono unaweza kuwa salama, lakini kama umeshika kisu, kisu ni kisu.

Kuna jambo jingine ambalo mikutano ya wawekezaji hulipita upesi. Mashine inayojipima humpima na anayeisimamia. Ikijulikana kwamba mashine ilisimama dakika saba, inajulikana pia ni nani aliyekuwepo na alitumia dakika ngapi chooni. Je, vipimo hivyo ni vya kutengenezea mashine au vya kumkatia mtu mshahara? Ujerumani, sheria ya mabaraza ya wafanyakazi ya mwaka 1972 inalipatia baraza haki ya kushiriki katika uamuzi juu ya kifaa chochote kinachoweza kufuatilia mwenendo wa wafanyakazi. Umoja wa Ulaya, kuanzia Februari 2025, umekataza programu za akili unde zinazokisia hisia za mtu kazini, isipokuwa kwa sababu za afya au usalama. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Vyama vya wafanyakazi vina pa kuanzia hapo, vikiziingiza sheria hizo katika mikataba ya pamoja ya kazi ili ijulikane kipimo kipi kinachukuliwa, nani anakisoma, na kinafutwa lini. Bila makubaliano hayo wafanyakazi huficha makosa, na makosa yanayofichwa ndiyo yale ambayo programu ilihitaji kuyaona.

Limebaki suala la mafunzo. Anayehitajika katika kiwanda cha namna hii ni fundi anayeunganisha vitu vitatu: makanika, umeme na programu. Elimu hiyo huitwa mekatroniki, na inafundishwa sasa katika vyuo kadhaa vya ufundi vya kanda hii. Lakini chuo hutoa nusu yake. Nusu ya pili hupatikana kiwandani kwa kukaa na mashine, na hapo mfano wa Toyota unarudi. Mitsuru Kawai aliingia Toyota akiwa kijana kupitia shule ya ufundi ya kampuni, bila kupita chuo kikuu, akapanda hadi kuwa makamu mtendaji wa rais mwaka 2017. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba baadhi ya kazi zirudishwe mikononi mwa watu, zikiwemo za kufua shafti za injini. Vijana walifundishwa kugeuza na kupiga chuma chekundu kwa mkono, ingawa mashine za kufanya hivyo zilikuwepo. Walipoielewa kazi hiyo waliona hatua zisizo na lazima, chuma kilichokuwa kikipotea bure, na laini iliyokuwa ndefu kupita haja yake. Laini ikafupishwa kwa kiasi kikubwa na upotevu ukapungua. Kisha ujuzi wao ukarudishwa kwenye mashine.

Kwa kiwanda chenye uwezo mdogo, safari ya kiwanda janja inaweza kuanza bila kununua roboti hata moja. Daftari la matengenezo liandikwe kila siku, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila zamu, likitaja mashine, sehemu iliyoharibika, chanzo na alichofanya fundi. Kijana mwenye cheti cha chuo cha ufundi awekwe kando ya fundi mkongwe kwa mwaka mzima, mmoja akiwa na kompyuta mpakato na mwingine na bisibisi yake. Vihisi vya kwanza vifungwe kwenye mashine ambayo kusimama kwake kunasimamisha kiwanda chote, na fundi aliyeihudumia mashine hiyo miaka yote ndiye aulizwe vifungwe wapi.